Lushoto hadi Mtae kwa miguu: siku tatu milimani, ukilala nyumbani kwa wenyeji

Usambara Magharibi ni milima inayokaliwa na watu. Msitu upo, tena mkubwa, lakini ukitoka tu msituni unaingia shambani kwa mtu, unapita nyuma ya jiko la mtu, na kijia unachokifuata ndicho watoto wanachoendea shule. Kwa hiyo safari ya huku hunoga zaidi ukiipanga kwa kufuata nyumba utakazolala. Mandhari utayaona tu, hayakukimbii.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: kila siku ya safari, saa kumi jioni uwe umeshafika kwa mwenyeji. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini, kuanzia uzito wa begi hadi saa ya kuamka, unatokana na kanuni hiyo. Mama mwenye nyumba anataka kujua mko wangapi kabla hajabandika sufuria. Nawe unahitaji mwanga wa jua uone choo kiko upande gani, ngazi za udongo zimechongwaje, na mbwa amefungwa wapi. Unahitaji kuoga kabla baridi haijashuka. Wageni wanaofika saa mbili usiku hula kimya, hulala, huondoka alfajiri, na wakirudi mjini husema wamelala kijijini. Wamelala kweli, ila kijiji hawakukiona.

Njia nitakayoeleza inaanzia Lushoto, inapita msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi, inaishia Mtae, ukingoni mwa milima. Ni siku tatu za kutembea na usiku tatu kwa wenyeji, au mbili kwa familia na mmoja kwa masista. Mtu mwenye afya ya kawaida anaiweza, mradi tu awe amezoea kutembea saa kadhaa bila kulalamika.

Kwanza, chagua mwezi

Januari na Februari ni miezi mizuri, na vilevile kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba. Masika, yaani Machi hadi Mei, usiende. Sisemi hivyo kwa kuogopa kulowa. Udongo mwekundu wa Usambara ukinywa maji huteleza kama sabuni, njia za mteremkoni hukatika, na basi la Mtae linaweza kukwama siku nzima, hata mpango wako wa kurudi ukavunjika. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inavumilika ukiwa na koti la mvua na moyo wa subira.

Juni hadi Agosti kuna baridi. Watu wa Dar es Salaam na Tanga huipuuza wanapofunga mizigo, kisha hushangaa. Nyumba nyingi hazina dari, upepo hupita juu ya ukuta chini ya bati, na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Beba sweta zito na soksi za kulalia.

Mfungo wa Ramadhani nao uuweke kwenye hesabu. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wengi wao ni Waislamu, Wakristo nao ni wengi, na wanaishi nyumba kwa nyumba. Katika Ramadhani kwenda unaweza, na futari ya milimani ni jambo la kulishuhudia, ila mwambie mwongozaji mapema kama utahitaji chakula cha mchana ili asikupeleke kwenye nyumba iliyofunga ukamtwisha mama kazi ya kukupikia peke yako.

Pili, tafuta mwongozaji anayefahamika huko mnakokwenda

Utalii wa kiutamaduni Tanzania ulianza kupangwa rasmi miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, pamoja na Bodi ya Utalii, na Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Kwa hiyo mjini Lushoto utakuta ofisi za waongoza watalii, baadhi yake hatua chache kutoka stendi. Anzia ofisini. Ukishuka kwenye gari, kuanzia Mombo, vijana watakufuata wakikuambia ofisi imefungwa leo, twende mimi nakujua njia. Wengine njia wanaijua kweli. Lakini kujua njia ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni kujulikana.

Mwongozaji mzuri akipita kijijini watu humwita kwa jina. Anajua nyumba ipi ina msiba wiki hii na haifai kupelekewa wageni, anajua mtendaji wa kijiji anapatikana wapi, na anasema Kisambaa, kwani wazee wengi watakuelewa Kiswahili vizuri sana lakini hadithi zao tamu huzisimulia kwa lugha yao. Muulize maswali haya kabla hujatoa hata shilingi:

Tutalala kwa nani, na je, mwenye nyumba ameshaambiwa? Jibu la "tutapata tu huko huko" ni jibu la mtu wa kuachana naye.

Una kitambulisho cha uongozaji, na ofisi itanipa risiti?

Wewe mwongozaji ukiugua njiani, nani atachukua nafasi yako?

Kila siku tutatembea saa ngapi, na tutaanza saa ngapi ili tufike saa kumi? Akikuambia saa tano hadi saba za kutembea kwa siku, anasema kweli. Akikuambia ni karibu tu, mwombe ahesabu upya, kwa mwendo wako wala si kwa mwendo wake.

Tatu, kubalianeni pesa hadi senti inayofika jikoni

Hapa ndipo safari nyingi za kulala kwa wenyeji huharibikia, tena kimyakimya. Mgeni analipa bei moja ya jumla mjini, anaamini kila mtu amepata chake, kumbe familia iliyompa kitanda imepata kidogo mno, au imeahidiwa kulipwa baadaye. Omba mchanganuo. Usione haya, ni pesa yako na ni jasho la mtu mwingine. Mchanganuo kamili una posho ya mwongozaji kwa siku, ada ya ofisi au mfuko wa kijiji, kiingilio cha msitu, malazi kwa kila nyumba, chakula kwa kila nyumba, mpagazi kama yupo, na nauli ya kurudi, yako na ya mwongozaji. Nauli ya mwongozaji husahaulika sana, kisha mnabishana stendi ya Mtae gizani.

Mimi napendelea malazi na chakula vilipwe mkononi kwa mwenye nyumba, asubuhi ya kuondoka, mwongozaji akiwapo. Kama ofisi ina utaratibu wake wa kulipa moja kwa moja, uliza kiasi, kisha ukifika umwambie mama kwa heshima kwamba malipo yake ni kiasi fulani na yatapitia ofisini. Ukweli ukisemwa mbele ya watatu haupotei.

Kiingilio cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba hulipwa serikalini, kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu. Mtanzania hulipa kiwango cha mwananchi, ambacho ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, basi kitambulisho cha taifa usikiache nyumbani. Lipa siku moja kabla. Mtandao wa malipo ukisumbua asubuhi ya safari mtakaa getini, na saa kumi yenu itakuwa saa moja usiku.

Benki na mashine za kutolea pesa ziko Lushoto mjini. Huko mbele mawakala wa pesa za simu wapo, lakini wakala wa kijijini hana salio la kukutolea kiasi kikubwa. Toka mjini na noti ndogondogo.

Nne, mzigo

Begi la mgongoni lisizidi kilo 8. Viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, viwe na meno ya kushika udongo, na kandambili za kuvaa ukifika. Koti la mvua hata kiangazi. Tochi yenye betri mpya. Chupa za maji za lita mbili kwa jumla, na vidonge vya kusafishia maji endapo yaliyochemshwa yataisha njiani. Dawa zako, plasta, chumvi ya kuongeza maji mwilini. Kanga au kikoi, kwani bafu mara nyingi ni ua wa mabati au matete nje ya nyumba, na kutoka huko hadi chumbani utapita mbele ya watu. Shuka jepesi la kwako si dharau kwa mwenyeji, linampunguzia kufua tu, na maji huenda anayafuata mbali.

Nguo ziwe za heshima: suruali pana au sketi ndefu, mabega yafunikwe. Kaptura fupi iache kwa ajili ya pwani.

Zawadi nunua Lushoto, au bora zaidi Lukozi, ili pesa ibaki karibu. Sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, kiberiti. Vitu hivi huingia kwenye matumizi siku ileile na havimtii mtu aibu. Peremende za kugawia watoto njiani ziache kabisa. Watoto wa njia hii wamefunzwa na wageni waliotangulia kuomba kalamu na pipi, na kila anayegawa huzidisha tatizo. Kama moyo unakutuma kusaidia shule, peleka madaftari kwa mwalimu mkuu, mwongozaji akikutangulia kubisha hodi.

Tano, fika Lushoto siku moja kabla

Mabasi ya moja kwa moja yapo kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ukikosa, panda lolote linalopita barabara kuu, ushuke Mombo, uchukue gari dogo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami iliyojikunja ubavuni mwa mlima kupitia Soni, na unapanda karibu mita elfu moja. Wanaosumbuliwa na kichefuchefu wakae mbele. Mombo ni joto na mbu. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ni baridi na ukungu. Wajerumani waliupenda mji huu kwa hali ya hewa hiyo, wakauita Wilhelmstal.

Jioni hiyo kutana na mwongozaji, pitieni mchanganuo tena, kisha ulale mapema.

Siku ya kwanza: Magamba hadi Lukozi

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi. Kama miguu yako si ya milima, pandeni daladala au bodaboda hadi Magamba, muanze kutembea kwenye mlango wa msitu. Hupotezi kitu, mnaokoa saa za kupanda barabarani na vumbi.

Ndani ya msitu, tembea polepole. Utaona mikulo, miti mikubwa ambayo mbao yake ilitafutwa sana hadi ikapungua, na mise yenye majani membamba. Mbega weusi wenye mikia myeupe hupita juu kwa juu, na kwa kawaida utawasikia kabla hujawaona: tawi linainama, majani yanamwagika, kimya, tawi jingine linainama. Mkipiga kelele hamtawaona. Kwenye vichaka vya kando ya njia kuna vinyonga, akiwemo yule mwenye pembe mbili puani anayepatikana Usambara. Mwongozaji atakuonyesha kwa kidole alipo, nawe utaangalia jani dakika nzima kabla halijafungua jicho. Mwache alipo. Mtoto akikuletea kinyonga juu ya kijiti ili umpe pesa ya picha, kataa kwa upole, maana ukilipa mmoja, kesho watakamatwa kumi.

Mkitoka msituni, dunia hubadilika ghafla. Mabonde yote ni mboga: kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, vimegawanywa kwa matuta na mistari ya majani ya guatemala. Simama uyaangalie majani hayo. Yamepandwa kukata mteremko ili mvua isishushe udongo, yanakatwa kulisha ng'ombe wa bandani, na samadi ya ng'ombe huyo inarudi palepale kwenye kabichi. Milima hii imekuwa na vita vya udongo kwa muda mrefu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kulima matuta, nao wakakataa kwa nguvu, mpango ukafa. Leo wengi wanachimba makingamaji kwa hiari yao. Ukimkuta mkulima amepumzika, muulize kwa nini. Maelezo yake yatakushinda yangu.

Lukozi ni soko la mboga. Malori hupakia hapa kwenda Dar es Salaam, na ukifika siku ya gulio utapita katikati ya magunia yaliyoshonwa kwa kamba hadi kufura. Nunua zawadi, kisha nenda moja kwa moja nyumbani. Saa kumi.

Ukifika nyumbani

Sehemu hii naomba uisome mara mbili.

Mwongozaji atapiga hodi. Wewe simama nyuma yake hadi muitikiwe. Wasalimie wakubwa kwanza, na usiwaruke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni na safari."

"Asante mama, tumeshapoa."

Kisha kaa pale utakapoonyeshwa. Chai itakuja. Usiulize nenosiri la intaneti, usianze kutafuta soketi. Kama nyumba ina umeme wa jua, huenda ni wa taa mbili na simu moja, kwa hiyo betri ya akiba ubebe mwenyewe.

Vua viatu mlangoni hata wakikuambia pita navyo. Zawadi mkabidhi mama, au mwambie mwongozaji amkabidhi, bila hotuba. Vijiji vingi hutaka mgeni aandikwe kwenye kitabu kwa mtendaji au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nendeni mara hiyo kabla ya giza, jiandikishe na utaje unalala nyumba ipi. Jambo hili humlinda mwenyeji wako kuliko linavyokulinda wewe.

Sasa omba kazi. Usiulize "nisaidie nini?", kwa sababu jibu litakuwa "pumzika tu". Nenda jikoni, chuchumaa, chukua njegere uanze kumenya. Jiko la Kisambaa mara nyingi limejitenga na nyumba, lina mafiga matatu, moshi unatokea chini ya paa, na mazungumzo yote ya maana ya nyumba hiyo hufanyika hapo. Wanaume, msibaki sebuleni na baba mkingoja sahani. Hata mkikaa mlangoni mwa jiko dakika kumi, salamu zenu zitapokelewa tofauti. Kuni zikihitajika, bebeni. Methali yetu humpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Wewe una usiku mmoja tu kwa kila nyumba, basi usingoje jembe likufuate.

Chakula kitakuwa ugali au makande, maharage, mboga za majani, viazi, pengine kuku. Kuku achinjwe tu kama mlikubaliana na umelipia, maana kuku mmoja kwa familia ni akiba, na kuna wenyeji wataona haya kukunyima. Kama huli kitu fulani kwa dini au afya, mwongozaji awe ameshamwambia mwenyeji tangu mkiwa mjini. Kula sehemu yako yote. Ukishiba, sema umeshiba na ushukuru, kisha unyamaze. Kusifia chakula kupita kiasi humfanya mama aongeze.

Baada ya kula ndipo wazee huongea. Waulize habari za Mbegha. Ni mwindaji aliyetoka Ngulu, akaingia Usambara wakati nguruwe pori wanaharibu mashamba. Aliwaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba, na mwishowe wakamfanya mfalme, mji wake ukawa Vuga. Kutoka ukoo wake, Wakilindi, akatokea Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1862 na ambaye nguvu zake zilifika hadi maeneo ya pwani. Kila mzee ana namna yake ya kuisimulia, na wengine huongeza mambo ambayo hayako katika kitabu chochote. Sikiliza bila kumrekebisha. Usirekodi wala kupiga picha kabla ya kuomba, na ukiombwa usiiweke mtandaoni, usiiweke.

Kama nyumba ina Wambugu kwa asili, utasikia pia simulizi za wafugaji wa ng'ombe waliohamia milimani na lugha yao ambayo wataalamu wa lugha bado wanaijadili. Hilo nalo ni la kuuliza kwa adabu, si kwa udadisi wa kuhesabu watu.

Choo ni cha shimo, nje. Beba karatasi zako, na taulo za kike zilizotumika uzirudishe nazo mjini kwenye mfuko uliofungwa. Kuoga ni ndoo ya maji ya moto. Hiyo ndoo imechemshwa kwa kuni ambazo mtu alizibeba kichwani, basi ndoo moja inatosha.

Pombe: usije nayo nyumbani kwa mtu. Kama baba wa nyumba ananywa na anakukaribisha, hiyo ni habari nyingine.

Siku ya pili: Lukozi hadi Rangwi

Siku hii ni ya kupanda na kushuka. Njia hukwepa barabara, hupita vitongojini, mifereji ya kumwagilia, mashamba ya pichi na matunda damu, halafu hushuka mabonde ambayo utayapanda tena upande wa pili. Magoti ndiyo yatakayolalamika, mapafu hayana shida. Omba mwongozaji akukatie fimbo.

Pumzikeni mara nyingi, kidogokidogo, na kila mkipita watu wanaolima salimia. Mjifunze salamu za Kisambaa asubuhi hiyo kabla ya kutoka, bibi wa nyumba ndiye mwalimu mzuri. Ukiitupa salamu moja kwa Kisambaa bondeni, utajibiwa na watu watatu usiowaona.

Rangwi kuna masista wa Kikatoliki wenye vyumba vya wageni, safi na tulivu, na waendao Mtae wamelala hapo kwa miaka mingi. Ushauri wangu: kama umechoka sana, umelowa, au tumbo linasumbua, lala kwa masista bila kujuta. Kama uko vizuri, lala kwa familia. Utaratibu wa masista nao uheshimu, mlango una saa yake, na asubuhi utaamshwa na kengele.

Siku ya tatu: Rangwi hadi Mtae

Anzeni saa moja kamili. Ndiyo siku ndefu. Njia hupita kando ya msitu wa Shagayu, ambao vilele vyake vinazidi mita 2,200, kisha hukutana na barabara upande wa Sunga kabla ya Mtae. Kuingia ndani ya Shagayu kunahitaji kibali na saa za ziada, panga mapema au ridhika na kuutazama kwa nje. Mwinuko wa mwisho ukikushinda, kuna bodaboda Sunga. Panda. Saa kumi ni saa kumi.

Mtae imejengwa juu ya uti wa mlima, kijiji chembamba kilichonyooka, nyumba zikitazama magenge pande mbili. Upande mmoja bonde linashuka zaidi ya mita elfu moja hadi tambarare za Mkomazi. Ng'ambo yake ni Milima ya Pare, na hewa ikiwa safi Kilimanjaro hujitokeza mbali. Kuna kanisa la Kilutheri la enzi za Wajerumani. Mandhari haya yatazame jioni hiyohiyo ukiwa umeshaweka begi, na uyatazame tena asubuhi ukikubaliwa na ukungu. Usikaribie ukingo baada ya mvua, na usimwombe mtoto akuongoze gengeni.

Kurudi

Mabasi kutoka Mtae kwenda Lushoto huondoka kabla ya alfajiri, kwa hiyo mambo yote ya nyumba yamalizeni usiku: malipo, shukrani, namba za simu. Tandika kitanda ulichokuta. Mwambie mama mtaondoka saa ngapi na umsihi asiamke kupika. Ataamka. Basi kubali kikombe cha chai, unywe umesimama, uondoke. Kama hutaki kuamka saa hizo, lipia usiku wa pili Mtae na upumzike, au ukubaliane na gari la kukodi, ambalo bei yake ujue kabla hujatoka Lushoto.

Ukiwa Lushoto na nusu siku mkononi, tembea hadi Irente, kilomita chache kutoka mjini, ambako kuna jabali la kutazamia tambarare ya Mombo, na shamba la Walutheri linalouza mkate, jamu na jibini.

Picha ulizoahidi zitume. Wengi wa wenyeji wako hawana simu za kufungulia picha, kwa hiyo zichapishe, andika nyuma jina la nyumba na kijiji, na uziache ofisini kwa mwongozaji wako wiki hiyohiyo. Mwambie pia ukweli kuhusu kila nyumba: wapi godoro limechoka, wapi choo kinahitaji mlango, nani alipika vizuri. Anayepanga wageni wafuatao ni yeye.